Mlango wa Abiria

Usithubutu kumwambia Mama Fyuzi kwamba gari lako "lina shoti tu." Hilo neno "tu" ndilo linalomtoa roho. Atakuuliza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza matairi ng'ambo ya barabara, kama na wewe ukienda hospitali humwambia daktari una moyo tu. Atataka kujua nani amekutilia karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, na kama ni wewe mwenyewe, ole wako. Wateja wapya hununa, wengine huondoka na magari yao. Baadaye hurudi, kwa sababu huko walikokwenda walichekewa vizuri na kupewa kiti, lakini vioo vyao vikaendelea kugoma.

Ni mwanamke mfupi wa ovaroli la buluu lililofuliwa hadi likawa kijivu, na testa yake ya kupimia umeme huichomeka kwenye kilemba. Hugombana na waya zenyewe. Huinamisha kichwa chini ya dashibodi ukamsikia anauliza huko ndani, "Wewe unakwenda wapi? Nani kakuleta hapa?" Hasira hasara, wenye hekima zao walimwambia. Aliwajibu kwamba hasara yake anaijua mwenyewe na hajaomba mtu amsaidie kuibeba.

Ufundi aliupata kwa mlango wa uani. Marehemu mume wake alikuwa fundi umeme wa magari ambaye macho yake hayakuweza kutofautisha rangi. Nyekundu na kijani kwake zilikuwa kitu kimoja, na kahawia alikuwa ndugu yao wa tumbo moja. Kwa fundi umeme huo si upungufu, huo ni msiba, na mwenzetu aliuficha kama watu wanavyoficha kipara. Alipooa akaanza kuja gereji na mkewe, eti mke amemletea chakula. Mke alichuchumaa kando yake na kumnong'oneza: "Huo mwekundu. Huo wa kijani, una mstari mweupe. Usiguse, huo ni kahawia!" Wateja waliona maharusi wananong'onezana mapenzi, wakageuka pembeni kwa adabu. Haikuchukua muda mke akaanza kunong'ona na waya unakokwenda, kisha na unachoumwa.

Mume alipofariki, gereji ikabaki mikononi mwa watu wawili: yeye na shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye kila mtu alimwita Kimya. Huyo angeweza kumaliza siku nzima kwa salamu ya asubuhi na kwaheri ya jioni. Kazi ya Kimya ilikuwa kufunga vitu: redio, taa, alamu za kuzuia wezi. Kazi ya Mama Fyuzi ilikuwa kutafuta ugonjwa. Na juu yao wote wawili ilikaa sheria moja aliyoiacha marehemu: mteja haulizwi kwa nini. Muulize anataka nini na anakitaka wapi, basi. Huyu anataka honi inayolia ndani ya gari. Yule anataka swichi ya siri ili kaka zake wasiweze kuliwasha gari lake. Kwa nini, hilo ni lake na Mungu wake. Mama Fyuzi aliilinda sheria hiyo kuliko hata aliyeitunga, na kijana yeyote aliyemhoji mteja alitukanwa mpaka akatafuta gereji nyingine.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo mimi hata kulisimulia kunanipandisha mori.

Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa mazito, na gari jeusi safi likaingia gereji, kioo cha dereva kimedumbukia ndani ya mlango. Aliyekuwa kwenye usukani ni mkwe wa Mama Fyuzi, mume wa kitindamimba wake. Ndugu na majirani walimwita Bwana Harusi, na jina hilo alilipata siku ya harusi yenyewe. Siku hiyo alisimamisha gari, akashuka, akazunguka mbele taratibu na suti yake, akamfungulia bibi harusi mlango na kumpa mkono. Mashangazi walipiga vigelegele. Tangu hapo hakuacha. Kila safari, hata ya kwenda dukani, Bwana Harusi huzunguka, hufungua, humshusha mke. Wakiondoka humkalisha na kumfungia. "Wangu mimi hata gari likiwaka moto angenisahau ndani," alisema shangazi mmoja, na wanawake wote wakacheka kwa wivu. Mama Fyuzi alijivuna naye. Wanaume walioleta wake zao gereji na kuwaamrisha washuke kwa kidevu, aliwapa habari za mkwe wake bila kuombwa.

Jambo moja tu lilimsumbua kidogo: mkwe hakuwahi kuleta gari kwake. Alisema ni aibu mama mkwe kupiga magoti chini ya dashibodi ya mkwewe. Mama Fyuzi akalisifu na hilo pia, akaliita heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepotea njia?"

"Kioo kimegoma, mvua nayo hiyo inakuja, na mimi nina kikao hapo mtaa wa pili. Saitimira nazo hazisogei. Loki nazo kimya. Lakini mama, usijichoshe. Kipandishe kioo kikae juu, kinatosha. Mengine achana nayo."

"Sawa. Na huyu mwanangu ashuke akae kivulini."

"Atakaa humo humo," alisema Bwana Harusi, akitabasamu vizuri. "Jua lenyewe halipo."

Akaacha ufunguo na kuondoka, akiruka madimbwi ya oili kwa viatu vyake vinavyong'aa. Binti, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda, alibaki kwenye siti ya abiria, mkoba mapajani. Alimpungia mama yake mkono kupitia kioo.

Mama Fyuzi akapiga magoti kwenye mlango wa dereva, ulio wazi, na kazi ikaanza. Kioo kugoma peke yake ni jambo moja. Kioo, saitimira na loki kugoma pamoja ni jambo jingine, maana wote hao wanakunywa bomba moja. Akachomoa fyuzi: imeungua, nyeusi katikati. Akatia mpya na kubonyeza swichi. Fyuzi mpya ikafa papo hapo, tik.

"Ndiyo," alisema Mama Fyuzi, na hasira ikaanza kupata moto. "Kuna waya mshenzi humu ndani unagusa bodi."

Akafungua kava la mlango, akakagua mota ya kioo kwa mita ya umeme iliyoning'inia shingoni mwake: nzima. Akakagua swichi: nzima. Akavuta mpira ule ulio kwenye bawaba, ambamo waya hupita kutoka kwenye bodi kuingia mlangoni. Hapo ndipo penye makaburi ya waya nyingi, kwa sababu kila ukifungua mlango zinapinda na ukifunga zinapinda, miaka na miaka, mpaka zinakatika. Zote zilikuwa nzima. Gari lilikuwa bado jipya kwa kufa namna hiyo.

"Mbona unatoka jasho?" alimuuliza binti yake bila kuinua kichwa. "Fungua kioo chako upate hewa."

"Si umeme umekufa, mama."

"Basi fungua mlango."

Mama Fyuzi aliendelea na waya zake, kisha akainua kichwa kwa kuwa hakusikia mlango. Binti yake alikuwa amekaa vilevile, jasho limemlowesha juu ya mdomo. Mkono wake haukwenda hata kwenye kitasa.

"Fungua mlango, wewe! Unangoja ufunguliwe na mimi? Mimi si mumeo."

"Haufunguki, mama. Kwa ndani haufunguki."

"Tangu lini?"

"Tangu muda."

"Tangu muda! Mama yako fundi, unakaa kwenye gari bovu tangu muda, na huniambii?"

"Nilikuambia," alisema Kitinda.

Na kweli alimwambia. Mama Fyuzi alikumbuka simu ile. Kitinda alisema, kwa sauti ya chini, "Mama, siku hizi sishuki kwenye gari mpaka nifunguliwe." Naye alikuwa na kazi mkononi, akacheka, akamjibu kwamba wenzake wanalilia bahati hiyo usiku na mchana.

Akainama tena kwenye waya, lakini sasa hakuwa anatukana. Chini ya ubao wa kukanyagia, pale zulia linapoishia, aliona waya mwembamba mweusi ambao haukuzaliwa na hilo gari. Waya za kiwandani husafiri kwa kundi, zimevikwa pamoja. Huyu alipita peke yake kama mwizi. Ngozi yake ilikuwa imelika kwenye ukingo wa bati, shaba inachungulia. Ndiye aliyekuwa anagusa bodi, ndiye aliyekuwa anaua fyuzi zote. Upande mmoja alipanda hadi chini ya siti ya dereva, kwenye swichi ndogo iliyofichwa mahali ambapo kidole cha anayeendesha kinaifikia bila mtu kuona. Upande wa pili alipita chini ya zulia, akavuka sakafu ya gari, akaingia mlango wa abiria.

Mama Fyuzi alichukua ufunguo, akazunguka gari, akaufungua mlango wa binti yake kutoka nje. Akapiga magoti miguuni pake.

"Sogeza goti."

Kava lilitoka bila taabu. Lilikwishatolewa siku nyingine na mtu anayejua kazi. Ndani, kile kifimbo cha chuma kinachounganisha kitasa na loki kilikuwa kimechomolewa kwenye ndoano yake na kufungwa pembeni kisigongegonge. Waya za swichi ya kioo zilikuwa zimekatwa. Si kukatika, kukatwa. Waya ukifa wenyewe hufa kidogo kidogo, nyuzi moja moja, na ncha yake huota kijani. Hizi ncha zilikuwa bapa na safi, zilizokatwa kwa koleo mara moja, kila moja ikavikwa kofia yake ya tepu. Mota ya loki ilikuwa imeondolewa kwenye mkondo wa wenzake na kuunganishwa na yule waya mweusi. Mwenye siti ya dereva akitaka, mlango unafunguka kwa nje. Asipotaka, hata kwa nje haufunguki. Na kwa ndani, mlango ule haukuwa mlango tena, ulikuwa ukuta wenye kitasa.

Lakini lililomfanya aketi chini kwenye vumbi ni uzi. Juu ya kila kofia ya tepu palikuwa na uzi mweupe uliopakwa nta, umezungushwa kwa mkono na kufungwa fundo dogo. Mafundi wote duniani huzungusha tepu wakaenda zao. Ni mtu mmoja tu aliyelelewa na mama mshonaji, asiyeamini tepu kwa sababu joto huiyeyusha, na anayemalizia kila kiungo chake kwa uzi na fundo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama Fyuzi alinyanyuka na kisu cha kumenyea waya mkononi, akaenda nyuma ya gereji, kwenye betri, alikokuwa Kimya.

"Gari la mkwe wangu umelishika lini?"

Kimya aliweka chini betri aliyokuwa ameibeba.

"Ulipokwenda kwenye msiba ule."

"Alikwambia nini?"

"Alisema anataka mlango wa mtoto."

"Mtoto gani?"

Kimya aliinamia tena betri.

"Nakuuliza mtoto gani! Wana mtoto hao? Wewe umekula ubwabwa wa mtoto gani ambaye mimi bibi yake simjui? Na mtoto anakaa siti ya mbele? Na mtoto anafungiwa kwa swichi ya siri, eeh? Umeficha swichi mtoto asiione?"

"Shemeji," alisema Kimya, midomo mikavu, "mteja haulizwi kwa nini."

Mama Fyuzi alichukua kopo la misumari lililokuwa karibu na kulirusha ukutani, misumari ikatawanyika gereji nzima. Watu wa ng'ambo ya barabara waligeuka. Hakumrushia Kimya, na mpaka leo hajui aliwezaje kutomrushia. Alimwita mbwa. Akamwita fundi wa jela. Alimwambia kwamba mikono ile aliyoitumia kumfungia mtoto wa kaka yake ndiyo ile iliyombeba mtoto huyo akiwa mchanga. Kimya alisimama akipokea yote, na machozi yakamtoka bila sauti, na hilo likamkera Mama Fyuzi zaidi, kwa sababu alitaka ajibiwe ili aendelee. Na moyoni alijua kwamba sheria ile Kimya hakuitoa mbinguni. Aliisikia kila siku, kwa kinywa chake yeye.

"Mama," Kitinda aliita kutoka kwenye gari. Milango ilikuwa wazi pande zote mbili. Bado amekaa, mkoba mapajani.

Alirudi akikimbia. "Shuka. Shuka hapo sasa hivi. Twende nyumbani. Akija hapa atanikuta mimi na koleo langu, ukwe ukafie mbele."

"Sishuki."

"Umesemaje?"

"Nikishuka sasa, mama, atasema umenishusha wewe. Kitakaa kikao kama kile. Watasema mama mkwe mkali amevunja nyumba ya mwanawe, maana wewe wanakujua. Nitarudishwa."

Kikao kile. Kitinda aliwahi kurudi nyumbani na begi dogo, akasema mumewe anambana. Wazee wakauliza, anakupiga? Hapana. Anakunyima chakula? Hapana. Anakufungulia mlango wa gari? Ndiyo. Wakacheka mpaka wakajifuta macho, wakasema mume asiyembana mke ni mume gani, na jioni Bwana Harusi akaja kumchukua kwa gari hilihili, akamfungulia mlango mbele yao wote. Mama Fyuzi alikuwepo. Hakucheka, ila hakusema kitu. Yeye, ambaye mdomo wake haujawahi kukosa la kusema kwa fyuzi mbovu!

"Safari ile nilikosa la kuwaonyesha," alisema Kitinda. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Mtu akifungiwa na tabasamu ataonyesha nini? Nataka nishuke mwenyewe, mama. Yeye akiwa ndani, gari likiwa lake, watu wakiona. Unganisha mlango wangu. Na akija usimwambie kitu."

"Nisimwambie kitu!"

"Usimwambie kitu. Mchekee. Akishtuka atakagua, na akikagua nimekwisha."

Mnaomjua Mama Fyuzi mtaelewa aliombwa nini siku hiyo. Kumwambia achome gari moto ingekuwa rahisi zaidi. Alibaki amepiga magoti, kifua kinapanda na kushuka, na akashika koleo kwa nguvu hadi kiganja kikauma. Kisha akauma meno, akaingiza mikono mlangoni.

Alikirudisha kifimbo kwenye ndoano yake. Alikata nyuzi za Kimya moja moja kwa ncha ya kisu, akaunganisha waya za kioo, rangi kwa rangi. Mota ya loki aliinyima umeme kabisa: mlango ule usingefungika tena kwa swichi ya mtu yeyote. Yule waya mweusi aliukata pande zote mbili, lakini ncha akaziacha zimechomekwa mahali pake, na swichi ya siri akaiacha chini ya siti, ikibonyezwa inaitika vizuri na kazi haina. Alifanya yote hayo akinong'ona matusi ambayo sitayaandika hapa. Kimya alikuja bila kuitwa, akaokota skrubu zilizoanguka, akamshikia kava. Hakuna aliyemfukuza.

Alipotia fyuzi mpya, kioo cha dereva kilipanda chenyewe hadi juu, taratibu, bila kelele. Siku nyingine angejisifu.

Akaufunga mlango wa abiria. "Jaribu."

Kitinda aliweka mkono kwenye kitasa. Aliuweka kwanza kama mtu anayeshika chungu kilichotoka jikoni, akautoa, akauweka tena. Akavuta. Mlango ukafunguka. Aliufunga na kuuvuta tena, na mara hii alishusha pumzi ndefu, macho yakamjaa.

"Usilie sasa," alisema mama yake kwa ukali. "Anakuja."

Kweli Bwana Harusi alikuwa anakatiza kati ya magari mabovu, faili kwapani, manyunyu yameanza kumlowesha mabega. Mama Fyuzi alijifuta mikono. Alihisi tusi limeshafika kwenye meno. Akalimeza, akatabasamu, na tabasamu lile lilimuuma kuliko shoti yoyote aliyowahi kupigwa.

"Tayari, mwanangu. Kioo chako hicho."

Wauza matairi waliangaliana. Hakuna aliyewahi kumsikia akimkabidhi mteja gari bila kumtukania fundi aliyetangulia.

"Ahsante sana, mama. Ilikuwa nini?"

"Waya ulikuwa unagusa bodi."

"Wa wapi?" aliuliza, bado anatabasamu, lakini macho yake yakaenda kwenye mlango wa upande wa pili na kurudi. "Upande ule hukuugusa?"

"Niuguse kwa lipi? Si uliniambia niachane na mengine? Mteja haulizwi kwa nini."

Bwana Harusi alicheka, akamgusa mama mkwe bega. "Ndiyo maana nakuheshimu, mama. Watu wanasema wewe mkali. Mimi nawaambia hawakujui."

Kimya aligeukia ukuta. Mama Fyuzi aliendelea kutabasamu, na ulimi wake ulikuwa na ladha ya damu kwa kuwa alikuwa ameuuma.

Mkwe akaingia na kuwasha gari. Mkono wake wa kulia ukashuka chini ya siti, kwa mazoea, bila hata yeye kutazama, na Mama Fyuzi akasikia ile tik ndogo. Kitinda alikuwa anatazama mbele. Hakumuaga mama yake. Gari likaondoka polepole, likikwepa mashimo, kuelekea kwenye geti.

Hapo hasira yote ilimgeukia binti. Shuka, alisema moyoni. Shuka, we mtoto. Umenifanya nimchekee mwehu, umenifanya nirambe matapishi yangu mbele ya gereji nzima, sasa unaondoka naye umekaa kama mzigo? Gari lilifika getini. Barabarani magari yalikuwa mengi, na Bwana Harusi alisimama kungoja nafasi, taa ya kupinda inawaka na kuzima. Pembeni ya geti wapanda pikipiki walikuwa wamejibanza chini ya bati kukwepa mvua, na mwanamke mmoja alikuwa anafunika machungwa yake kwa nailoni. Nafasi ikapatikana. Gari likaanza kusogea. Mama Fyuzi akafumba macho kwa sababu hakuweza kutazama, na akayafumbua kwa sababu hakuweza kutotazama.

Mlango wa abiria ulifunguka.

Kitinda alishuka gari likiwa bado linatambaa. Aliyumba, akashika ukingo wa mlango, akasimama kwenye matope na mkoba wake. Breki zikalia. Nyuma yake honi zikaanza. Bwana Harusi akatoka, akazunguka mbele ya gari kwa haraka, na alipofika upande wa pili alisimama ghafla, mkono umekwishanyooka kuelekea kitasani, hakuna wa kumfungulia.

"Mke wangu," alisema, akiwatazama wapanda pikipiki na kutabasamu. "Unalowa. Panda."

"Mlango huu ulikatwa waya nisiweze kushuka," alisema Kitinda. Alisema kwa sauti ya mtu anayeuza kitu sokoni, ili hata mwenye machungwa asikie. "Chini ya siti yako kuna swichi. Waonyeshe. Leo nimeshuka mwenyewe. Mama yangu hakunishusha, ndugu yangu hakunishusha. Mmeona wote? Semeni kama mmeona."

"Tumeona," alisema mwenye machungwa.

Mpanda pikipiki mmoja alikwishainama kwenye mlango wa dereva, akapapasa chini ya siti, na swichi ikalia, tik, tik. Tabasamu la Bwana Harusi lilibaki usoni kwa muda, kisha likaanguka. Alinyoosha mkono kumshika mkewe kiwiko.

Na Mama Fyuzi, ambaye alikuwa amefanya alichoombwa, na ambaye hakuna mtu aliyemwambia anyamaze hata baada ya hapo, alianza kukimbia kuelekea getini katika mvua, mita inamgonga kifuani, na tangu hatua ya kwanza alikuwa ameshaanza kusema.